Walimu wa Kiingereza shule za serikali Japan wanaendelezwa vipi wakishaajiriwa? Naomba msaada

BintiTudor:

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na fasihi shule ya upili ya serikali upande wa Kisauni hapa Mombasa, mwaka wa nane huu nashika chaki. Nataka kuomba ile skolashipu ya serikali ya Japan ya walimu walio kazini, ile ya mwaka mmoja na nusu, unatakiwa uwe hujafika miaka 35 na umefundisha si chini ya miaka mitano. Nina 33 kwa hivyo nikilaza damu ndio basi tena. Kwenye fomu wanataka uandike utasoma nini na ukirudi nyumbani utakifanyia nini, na hapo ndipo nimekwama wiki ya pili sasa, kila nikiandika nafuta.

Nikisema tu nataka kujifunza mbinu za kisasa najua kila mtu ataandika hivo hivo. Lakini kuna kitu kinaniuma kweli. Nilipotoka chuo nilidhani nshajua kufundisha, sasa miaka minane baadaye bado nafundisha insha vile vile nilivofundishwa mimi, na sina wa kuniambia mwalimu hapa umepatia, hapa umewapoteza watoto. Fomu ya tathmini ya kila muhula yasema mwalimu aangaliwe akiwa darasani, lakini pale kwetu huwa tunaitana stafurumu, mwenzio anakujazia alama nawe unamjazia, kengele ikilia kila mtu na darasa lake na mlango umefungwa. Mwaka jana mzima mtu pekee aliyekaa nyuma ya darasa langu ni kijana wa mazoezi ya ualimu, naye masikini alikuja kuiga, hakuja kunisaidia.

Sasa nasikia Japan walimu huingiliana madarasani na ndio wanavojifunza. Ni kweli? Na hata wa Kiingereza au ni hesabu tu? Nani anawafundisha wakishaajiriwa, na wanalipa wenyewe kama vile sisi 2021 tulivoambiwa kila mwaka shilingi 6,000 ya moduli za mafunzo ya walimu kutoka mfukoni?

Na la mwisho naliuliza kwa dhati. Dadangu mkubwa aliniambia, wewe mtu wa Mombasa wataka kwenda Japan kusomea kufundisha Kimombo, na Wajapani wenyewe Kimombo kinawashinda, unaenda kutafuta nini? Nilikosa jibu na mpaka leo sijalipata.

Chaki_ya_Changamwe:

W'aleikum salaam dadangu. Mimi nilipita njia hio hio, nilienda Oktoba 2016 nikarudi Machi 2018, nlikua Hiroshima. Miezi sita ya mwanzo ni lugha yao tu asubuhi hadi jioni, baadae ndio unakabidhiwa profesa na unaanza kutembelea mashule, kwa hivyo jiandae kisaikolojia manake hio miezi ya lugha ni migumu.

Naanza na swali la dada yako kwa sababu ndilo lililonisumbua hata mimi. Huendi kule kujifunza Kiingereza. Kiingereza unacho. Unaenda kuona mtu mwenye miaka ishirini kazini bado anafundishwa kazi na wenzake bila kuona haya, na hicho ndicho mimi sikuwahi kukiona nyumbani.

Nikueleze siku moja tu. Novemba, shule ya upili ya chini, yani ya watoto wa miaka 12 hadi 15, ya serikali, ya kawaida kabisa. Unavua viatu mlangoni unapewa ndara. Darasa lina watoto kama 35 wa mwaka wa tatu, mwalimu ni mama wa makamo, anafundisha zile sentensi za kuunganisha kwa who na which. Kazi aliyowapa ni nzuri mno, umweleze mgeni kitu cha nyumbani kwenu bila kukitaja jina, mgeni akijue ni nini. Sasa pembeni ya ukuta na kwenye madirisha wamesimama walimu kama ishirini wa shule nzima, sio wa Kiingereza peke yao, wa sayansi yupo, wa michezo yupo, na kila mmoja ana karatasi yenye ramani ya madawati na majina ya watoto. Hawaongei, hawasaidii mtoto, hawaangalii mwalimu hata. Wanaangalia watoto na wanaandika. Mimi nikamwangalia mwalimu muda wote, nikaona anaeleza vizuri, mikono inainuka, nikasema hili somo limeiva.

Watoto wakaenda nyumbani, walimu wakapanga viti wakakaa. Wa kwanza kusema ni yule mama mwenyewe, ndio utaratibu wao, mwenye somo aanze yeye. Akasema nimeandika mfano ubaoni mapema mno, watoto wakanakili mfano badala ya kufikiri. Halafu mwalimu wa sayansi, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji, akafungua karatasi yake akasema, kijana aliyekaa dirishani aliandika sentensi akaifuta, akaandika akaifuta, mara tatu. Nimeisoma ile ya kwanza. Ilikua sahihi.

Wakatumia kama dakika arubaini kuzungumzia hio raba. Kwa nini mtoto afute sentensi iliyo sawa? Aliona ya kwake haifanani na ile ya ubaoni akadhani amekosea? Au aliogopa kuisema mbele ya jirani yake? Je lile zoezi la kusemezana wawili wawili lilikuja haraka kabla hajakua na uhakika? Mwisho kabisa akasimama mshauri kutoka bodi ya elimu ya pale akatoa maoni yake, na kikao kikaisha. Hakuna aliyetoa alama. Hakuna fomu.

Dadangu mimi nilikua nimefundisha miaka saba wakati ule na sijawahi hata siku moja kumuona mtoto akifuta. Mimi nilikua naona mikono iliyoinuliwa tu. Nikarudi bwenini sikulala vizuri.

Hio wanaiita jugyo kenkyu, yani kuchunguza somo. Ikifanywa shule nzima kama mafunzo ya ndani inakua sehemu ya konai kenshu. Ni ya zamani, chimbuko lake ni enzi za Meiji, karne ya 19 huko. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe wanakaa kundi zima kutunga lile somo pamoja, wanaandika mpaka mtoto atakosea wapi na akikosea mwalimu atasema nini. Kwa hivyo somo likiharibika halijaharibika la mtu mmoja, limeharibika letu.

Kuhusu nani anawafundisha, mwalimu mpya Japan kwa sheria anapewa mwaka mzima wa mafunzo huku anafundisha, tangu 1989. Ana mwalimu mkubwa wa kumlea pale shuleni na ana siku anazotoka kwenda kituo cha elimu cha mkoa. Hio halipi yeye.

MzeeWaChaani:

Mwanangu BintiTudor, nimesoma swali lako na nimefurahi sana. Mimi ni mwalimu mstaafu, nilifundisha Fizikia hapa pwani kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nataka nikukumbushe kwamba hicho unachokitafuta Japan kilikuja mpaka hapa Kenya. Mwaka 1998 JICA, lile shirika la misaada la Japan, na wizara yetu walianzisha SMASSE, mradi wa kuwanoa walimu wa Hisabati na sayansi wa shule za upili, kwanza wilaya chache, kisha kuanzia 2003 ikawa nchi nzima, na makao yake yalikuwa CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu hao kule Karen, Nairobi. Sisi walimu wa Hisabati, Fizikia, Kemia na Bayolojia tuliitwa likizo baada ya likizo. Tulifundishwa kupanga, kutenda, kutazama na kurekebisha, na kutumia vitu vya kuokota pale ambapo hakuna maabara. Mimi nilifundisha mkondo wa umeme kwa maji ya ndimu na misumari na vipande vya shaba, na nilifanya vipindi mbele ya wenzangu nikakosolewa. Wa kwanza mikono ilinitetemeka na nilikuwa nimeshafundisha miaka kumi na mitano.

Nyinyi wa lugha mliachwa nje. Hilo nililiona nikiwa bado kazini na sikulipenda. Mwalimu wa Kiingereza alibaki stafurumu anasahihisha madaftari tukienda sisi, kana kwamba lugha haihitaji kuchunguzwa. Na mtihani wa Fizikia wenyewe mtoto anausoma kwa Kiingereza! Ni watoto wangapi nimewaona wanaijua fizikia lakini swali hawalielewi.

Lakini nikuonye pia. Waliofundishwa Karen walirudi kuwafundisha walimu wa wilaya zao, na kila ngazi kitu kikapungua kama chai inayoongezwa maji. Mwisho mwalimu wa kule chini alipata vijitabu na posho ya nauli, lile la kukaa pamoja kulichunguza somo halikumfikia. Kwa hiyo ukiandika kwenye fomu yako kwamba utarudi kufanya semina ya walimu wa kaunti nzima, mimi ningekuwa msomaji wa fomu hiyo ningekuuliza maswali. Anza na mlango wako.

BintiTudor:

Shikamoo mzee wetu, ahsante sana kwa maneno haya, hilo la chai nimeliandika kwenye daftari. Na wewe Chaki hio ya raba nimeisoma mara tatu nikamsomea na mume wangu.

Sasa nauliza tena, ukiacha shule zenye hio jugyo kenkyu, kwa jumla mfumo wao ukoje, na hii habari nilioisikia kwamba Japan nao walikua na leseni ya mwalimu ya kulipia ni kweli au ni maneno ya watu? Na je kweli Kiingereza chao kimeboreka na mafunzo yote hayo?

Nahodha_wa_Nagoya:

Salaam kutoka Japan watu wa nyumbani. Mie ni wa Mji wa Kale, kule karibu na Ngome, nipo mkoa wa Aichi mwaka wa nne sasa, nafanya kazi ya mwalimu msaidizi wa Kiingereza shule za serikali, huku wanatuita ALT. Saa hizi huku ni saa tano usiku huko kwenu ni saa kumi na moja jioni, nimechoka lakini hii mada imenigusa lazima niandike.

Leseni ni kweli kabisa. Ilianza Aprili 2009, kila miaka kumi mwalimu asome masaa 30 ya kozi kwa pesa yake, kama yeni 30,000 hivi, asipofanya leseni inakufa. Walimu wakalalamika miaka nenda miaka rudi, wanasoma siku za likizo zao kozi ambazo nyingine hazihusiani na wanachofundisha, na wengine waliostaafu leseni zao zikaisha muda, ikawa kuwarudisha kusaidia wakati walimu hawatoshi ni shida. Julai 2022 serikali ikaifuta. Sasa hivi kila mwalimu ana rekodi ya mafunzo aliyofanya na anazungumza na mkuu wa shule wake ni kipi akasome, hio imeanza Aprili 2023. Kwa hivyo dada andika hilo kwenye fomu yako, nchi kama Japan imejaribu kumlipisha mwalimu na mwisho ikaacha.

Upande wa Kiingereza serikali yao imejaribu mengi. 2003 hadi 2007 walimu wote wa Kiingereza wa upili, kama elfu sitini, walipitishwa kwenye kozi kali mkoa kwa mkoa. Kuanzia 2014 wakaja na British Council, shirika la Uingereza la elimu na utamaduni, wakafundisha walimu viongozi kila mkoa utume wake, wakirudi wawafundishe wenzao, yani hio hio ya mzee wetu ya chai na maji na wenyewe huku wengine wanaisema vivo hivo. Hawajakaa bure, 2023 wizara ilipohesabu walimu wa upili wa juu wenye kiwango kizuri cha Kiingereza walikua kama wanane kati ya kumi, lakini wa upili wa chini walikua hata nusu hawajafika.

Sasa msingi ndio kuna kazi. 2011 Kiingereza kiliingia darasa la tano na la sita kama shughuli tu, 2020 kikashuka mpaka la tatu na la nne, na la tano na la sita likawa somo kamili lenye alama, vipindi viwili kwa wiki. Na anayefundisha mara nyingi ni mwalimu wa darasa, yule yule wa hesabu na kuimba na kuogelea. Mimi ninaye mwalimu mmoja mama wa miaka hamsini na kitu, mara ya mwisho kusema Kiingereza ilikua mtihani wa chuo. Wiki ya kwanza alinifuata akanishika mkono kabisa, akaniambia kwa Kijapani, naogopa watoto wataiga matamshi yangu. Tukawa tunakaa dakika kumi kila Jumanne kabla ya kipindi tunasema sentensi tano za darasani, fungueni ukurasa, mwenzako amesemaje, jaribu tena. Sentensi tano tu. Mwisho wa mwaka alikua anaingia darasani anaanza yeye kwa Kiingereza na mimi namfuata. Na watoto wake wanaongea kuliko wa shule yangu nyengine ambako mwalimu ana Kiingereza kizuri ila anaogopa kukosea. Nadhani ni kwa sababu wanamuona mwalimu wao akijaribu.

Hio hakuna aliyeipanga, haimo kwenye rekodi yoyote, na mie kwa mkataba wangu silipwi hizo dakika kumi. Hapo ndipo kuna pengo. Sisi ALT tupo wa aina nyingi, kuna wa JET ile programu ya serikali iliyoanza 1987, hao kila mwaka wana mkutano wa mafunzo. Kuna walioajiriwa na bodi moja kwa moja na kuna sisi wa kampuni. Mie nalipwa masaa ya darasani, walimu wakikaa kuchunguza somo nililofundisha mimi pamoja nao, mimi nshatoka niko kwenye treni. Wallahi inaniuma manake nina niliyoyaona kwa wale watoto na hakuna wa kuniuliza.

Na msione kila kitu huku ni asali. Kwenye ule uchunguzi wa 2018 wa OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, mwalimu wa upili wa chini wa Japan alifanya kazi masaa 56 kwa wiki, wastani wa nchi nyingine ni kama 38. Kati ya hayo 56 muda wa kujiendeleza ni 0.6. Dakika 36! Wengine wastani ni masaa mawili. Kinachowala ni vilabu vya michezo, makaratasi, simu za wazazi. Natoka mazoezini kwangu saa mbili usiku naona taa za stafurumu zinawaka bado. Halafu kwenye upili wa juu hio jugyo kenkyu ni dhaifu kuliko msingi, kila mtu na somo lake, na mtihani wa kuingia chuo kikuu unawasukuma warudi kwenye kutafsiri neno kwa neno.

Mama_wa_Mtongwe:

Nyote mwasema vizuri lakini mwanisahaulisha nipo wapi. Mimi nafundisha Kiingereza ng'ambo ya Likoni, vipindi 27 kwa wiki, darasa la watoto 68, insha 68 ukisahihisha vizuri ni usiku tatu. Chaki atuambia walimu ishirini wasimame ukutani, kwangu mimi hata ukuta wenyewe umejaa watoto. Na hao walimu ishirini madarasa yao atawakalia nani?

La pili ndilo kubwa. Mwenzangu akija nyuma ya darasa langu na karatasi mkononi, mimi nitajua nimechunguzwa, nimeandikwa, na kesho naitwa ofisini. Miaka yote tumezoea aliyekuja kukuangalia amekuja kukushika makosa. Hamuwezi kuliondoa hilo kwa neno la Kijapani. Sisemi ni kitu kibaya, nakipenda hata, ndio nauliza nyinyi mlioona kwa macho yenu, hapa kwetu kinaanzaje?

Chaki_ya_Changamwe:

Mama wa Mtongwe umegonga penyewe na ntakujibu kwa ukweli kwa sababu mimi niliporudi 2018 nilijaribu na nikaanguka.

Nilikuja na moto wangu wote, nikaomba kikao, nikaeleza, walimu watano wakakubali. Siku ya somo lenyewe mkuu wa shule niliyokuwa nayo wakati ule akasikia akasema na yeye anakuja, akaja na karatasi ya alama, akakaa mbele. Dada aliyekuwa anafundisha, mwalimu hodari mno, sauti ilimkauka. Baada ya pale akampa alama na mapendekezo sita mbele yetu sote. Hakuna aliyekubali tena kufungua mlango, na sikuwalaumu, kosa nililiona ni langu kwa sehemu kubwa, sikumwendea mkuu mapema nikamweleza kwamba hii siyo tathmini na karatasi yake ibaki ofisini.

Mwaka uliofuata nikaanza na mtu mmoja tu. Mwalimu wa Kiswahili, jirani yangu wa meza, tulikua tunakula mahamri pamoja kila asubuhi. Nikamwambia njoo kwangu dakika ishirini tu, usiniangalie mimi kabisa, angalia watoto watatu, nikamtajia majina, uniambie wamefanya nini. Sio wamefanya vizuri au vibaya. Wamefanya nini. Akaja. Akaniambia fulani hajafungua kitabu mpaka dakika ya tisa kwa sababu kitabu ni cha kushirikiana na mwenzake amekilalia. Kwisha. Mimi siku zote nilikua nasema yule kijana ni mvivu.

Wiki iliofuata nikaenda kwake. Tukaenda hivo miezi mitatu bila kumwambia mtu, halafu wa tatu akauliza mwafanya nini, akaingia. Hatukuwahi kufika ishirini. Tulifika sita, na ilidumu mpaka Korona ikafunga mashule Machi 2020.

Kuhusu vipindi 27, kweli huwezi kila wiki. Sisi tulifanya mara moja kila wiki mbili, yule ambaye hana kipindi ndio anaingia, na ni dakika ishirini sio kipindi kizima. Na darasa la 68 huwaangalii 68, unawaangalia watatu. Kule Japan pia kila mmoja ana watoto wake wachache anaowafuata, wale ishirini ukutani ni kwa siku kubwa tu.

MzeeWaChaani:

Hapo kwa mkuu wa shule Chaki amesema jambo ambalo sisi wa SMASSE tulilijua na tukalinyamazia. Tathmini na kujifunza visikae kwenye kiti kimoja. BintiTudor, hilo liweke kwenye fomu yako kwa maneno yako mwenyewe, ndilo swali la kwenda kusomea, kwamba Wajapani wanavitenganisha vipi mpaka mwalimu akakubali kusema kosa lake wa kwanza. Si suala la Kimombo wala la hesabu.

BintiTudor:

Mzee Mungu akuweke. Nadhani nimelipata jibu la dadangu na swali la fomu kwa pamoja.

Nimekaa usiku nimeandika hivi, niambieni kama inaeleweka. Nataka kusoma jinsi walimu wa Kiingereza wa upili wa chini wanavotunga somo la kuandika kwa pamoja na wanavoangalia watoto wachache wakiandika, na jinsi kikao cha baadae kinavoendeshwa mpaka mwenye somo asiogope. Nimechagua kuandika kwa sababu ndiko watoto wangu wanakofia kwenye mtihani, na kwa sababu ya ile raba. Nikirudi sitaandika semina ya kaunti. Nimeandika shule yangu, walimu wa lugha wanne, kipindi kimoja kila wiki mbili. Profesa akiona ni kidogo basi, lakini ndicho nitakachoweza kukifanya kweli.

Na nimewaza kwa nini ningoje mpaka nipate skolashipu. Nikikosa je? Leo nimemwendea mkuu wangu, nimemweleza mapema kama Chaki alivosema, amekubali asije na amekubali isiingie kwenye fomu ya muhula. Alhamisi ijayo nina Kidato cha Tatu kipindi cha kwanza baada ya chakula, insha ya kueleza mahali, nataka waeleze kivuko cha feri bila kulitaja neno feri. Nimewachagua watoto watatu, mmoja ni yule ambaye tangu Januari hajawahi kunipa insha iliyokamilika. Sina wa kuja. Wenzangu wawili pale shuleni wana vipindi saa hio.

Mama_wa_Mtongwe:

Alhamisi mimi namaliza vipindi saa tano na nusu. Nikishuka kivukoni mapema nitafika kwako kabla ya saa nane inshaallah. Nitumie majina ya hao watatu na wanakaa dawati gani. Sitakuangalia wewe.

BintiTudor:

Nimekutumia. Wa dirishani ndiye huyo wa insha.

Nahodha_wa_Nagoya:

Alhamisi usiku huku nitakua macho. Tafadhalini mrudi hapa mtuambie aliandika nini, na kama amefuta, amefuta nini.